Sidii Nisiyoruhusiwa Kuisikia

Naliendele, Mtwara
8 Julai 2024

Mpwa wangu Nasra,

Asalaam aleykum. Pokea salamu za mjomba wako ambaye bado anasimama kwa miguu yake mwenyewe, ingawa miguu yenyewe inalalamika. Baridi ya Dodoma inasemaje? Kifua chako? Mafaili ya serikali bado yanakula macho? Sisi huku tupo kwa kiasi chetu. Mama yako analala vizuri. Jina langu analikosea lakini sura anaijua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu ya tochi haiwezi kubeba maneno ya mtu kama mimi.

Ile sidii ya nyimbo za unyago, waliyorekodi mama yako Saida na makungwi wenzake kule Kitaya kabla hatujahamia huku, inakufa. Utaratibu wetu unaujua. Naweka sahani mbele yake, nabonyeza redio, natoka mbio kabla ngoma haijalia, maana nyimbo zile si za masikio ya mwanamume. Nakaa kisimani mpaka ziishe. Nikirudi, sahani tupu. Bila nyimbo hali kitu. Ukimlisha kwa mkono anafumba mdomo kama mtoto aliyeona sindano. Sasa sidii inakwamakwama, na ikikwama anasukuma sahani. Wiki hii ni uji tu, tena wa kubembelezwa. Nikimshika mkono nagusa mfupa.

Mafundi wa mjini wanaojaza nyimbo kwenye flashi siwapi. Watasikiliza, na keshokutwa utazisikia kwenye kila bajaji ya Mtwara. Nitafanya mwenyewe. Kompyuta ninayo, ile ya mkunjo niliyopewa na wakala wa forodha bandarini, siku nilipoizuia meli ya korosho kwa kamba moja isigonge gati, nahodha akanipigia saluti. Ni ya zamani, ndiyo maana ina mlango wa sidii. Niambie tu nitumie programu gani na nihifadhi kwa mtindo gani. Usinifafanulie sana. Mtu aliyepishwa njia na kiboko wa Ruvuma hatishwi na kompyuta.

Ni mimi mjomba wako,
Ramadhani

*

Dodoma
19 Julai 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata, na yule kiboko nimemsalimia. Kifua ni nafuu. Macho ndiyo yamechoka. Tunaingiza mafaili ya masjala kwenye kompyuta tangu mwaka jana na makabati hayapungui. Habari ya mama imeninyima usingizi. Nilitaka kuja mwezi huu, likizo imesogezwa tena. Basi natuma nilicho nacho.

Kwenye flashi hii kuna programu. Usitumie ile iliyokuja na kompyuta. Ile inasoma sidii haraka haraka, ikikuta mkwaruzo inaruka na haikwambii. Hii inasoma kila kipande mara mbili na kulinganisha. Vikitofautiana, inarudia mpaka ipate jibu moja, kisha inakuandikia kama wimbo umetoka salama. Kwa hiyo huna haja ya kusikiliza. Zima sauti kabisa.

Mtindo, chagua FLAC. Inabana wimbo bila kutupa kitu. MP3 inatupa sauti inazodhani sikio halitazikosa, na zikishatupwa hazirudi. Tutunze FLAC kwanza, redio tutaishughulikia baadaye. Sidii ifute kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni. Usiisugue kwa kuizungusha kama sufuria, nakujua.

Mpwao,
Nasra

*

Naliendele
5 Agosti 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kuliko mikorosho yangu, nawe unajua ninayo mingi. Umeamkaje? Mama yako hajambo leo, jana hakuwa hivyo.

Kazi imefanyika! Hiyo FLAC yako inakula nafasi kama mgeni wa msibani, lakini nimeitii. Raheli, yule mke wa mwalimu, mtu wa Bukoba, ambaye huja kumwogesha mama yako asubuhi, alinigawia intaneti ya simu yake, maana programu iliomba ikatafute majina ya nyimbo. Ikarudi na majina ya Kijerumani! Raheli anasema ni nyimbo za Krismasi. Nikajisemea, kama Wajerumani wanazitaka sifa za makungwi wa Kitaya, wachukue. Nikabonyeza ndiyo.

Nyimbo zote zimeandikwa salama, isipokuwa wa tano. Ule umenitoa jasho. Mashine ilisoma, ikarudi, ikasoma, inakoroma kama kiwanda cha kubangua korosho. Niliiwasha asubuhi, adhuhuri imeadhiniwa bado inakoroma.

Raheli akachungulia mlangoni: "Mzee Rama, hiyo mashine inaumwa uchungu?"

"Itazaa mapacha," nikamwambia.

Wallahi ikazaa mapacha. Imetoa nakala mbili za wimbo wa tano, hazifanani, na inasema haina hakika ni ipi ya kweli. Mwenye kusikia ndiye angeamua. Mimi siwezi. Raheli hakuchezwa unyago wa kwetu, nyimbo zikianza naye anakimbilia kisimani na mimi, tunakaa tunatazamana kama watu waliofukuzwa darasani. Na makungwi waliobaki Kitaya siku hizi hawatoki, kwa hofu ya mpakani.

Nakutumia mapacha wote wawili. Wewe ni mwanamke na ni mtoto wake. Sikiliza uniambie ipi nzima. Fanya upesi. Sidii yenyewe sasa redio inaitema kabisa, na juzi mama yako alishinda na maji.

Mjomba wako, fundi wa kompyuta,
Ramadhani

*

Dodoma
16 Agosti 2024

Shikamoo Mjomba wangu,

Natumaini mko salama. Mimi nipo.

Flashi imefika. Sijaifungua.

Mjomba, umesahau? Mwaka waliochezwa wenzangu mimi nilikuwa bwenini. Baba akasema likizo ijayo. Likizo ijayo akawa amehamishiwa Dodoma. Hivi nilivyo na mvi mbili tatu, ni mtu ambaye angekuwa amekwisha kumcheza binti yake, na mimi mwenyewe sijachezwa. Mama hakuwahi kunilaumu. Alikuwa anazima redio tu, kila nilipoingia.

Ningeweza kusikiliza, nani angejua? Niliichomeka kwenye kompyuta ya ofisini wakati wa chakula, watu wametoka. Nikaichomoa. Nairudisha kwa dereva yuleyule wa basi aliyeileta.

Mwenye kuamua ni mama. Badilisha FLAC ziwe MP3, kwa sababu redio yake haisomi FLAC. Programu itakuuliza kiwango, chukua cha juu kabisa. Weka pacha wa kwanza wa wimbo wa tano. Akisukuma sahani, kesho yake weka wa pili. Yeye hatahitaji kusema.

Mpwao,
Nasra

*

Naliendele
26 Agosti 2024

Nasra,

Salamu. Sisi si wazima sana.

Nimefanya kama ulivyosema. MP3, kiwango cha juu. Nimechomeka flashi kwenye redio, nimemwekea wali na samaki, nimebonyeza, nimekimbia. Raheli naye kanga mkononi, mbio. Hatujakaa hata vizuri pale kisimani, tunamwona mama yako huyo, anatoka ndani amejifunga kibwebwe. Mtu ambaye kusimama tu nambeba!

"Haya, nendeni makwenu!" anatuambia. "Imekwisha. Mwali ametolewa, mnakaa mnangoja nini?"

Nikasema, "Dada, hujala."

"Shughuli ikiisha nani anakula? Vyombo vioshwe!"

Akachukua sahani akawamwagia kuku. Akaanza kukunja mkeka wake, akakunja na shuka, akafunga mzigo kama mtu wa safari, akakaa juu yake mpaka jua likazama. Kesho yake nilipomwekea nyimbo, hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Amebeba mzigo ule mpaka barabarani, nikamkuta amekaa karibu na malori ya saruji.

Wimbo wa tano hatujaufikia. Umenipa programu gani wewe? Sidii ilipokuwa mbovu angalau alikula nusu. Sasa nyimbo zinatiririka kama maji na hali kabisa. Mimi nimebeba magunia bandarini yaliyowashinda vijana wanne, lakini dada yangu amekuwa mwepesi, Nasra, na huo wepesi ndio nashindwa kuubeba.

Ramadhani

*

Dodoma
30 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo. Dereva anangoja hapa na injini inaunguruma, nisamehe salamu fupi.

Kosa ni langu. Ni yale majina ya Kijerumani. Programu hupima urefu wa nyimbo na kutafuta sidii yenye urefu kama huo, ikaokota ya watu wengine. Nilisoma kwenye barua yako nikacheka, badala ya kukuambia uyafute. Redio inapiga nyimbo kwa kufuata alfabeti ya majina. Kwa hiyo wimbo wa kumtoa mwali, wa mwisho kabisa, umetangulia. Mama yuko sahihi. Anachokisikia ni shughuli imekwisha, ndipo anafunga mzigo.

Wewe ungejuaje, huruhusiwi kusikia. Mimi nilipaswa kujua.

Fungua FLAC, ndani yake kila wimbo bado unakumbuka ulikuwa wa ngapi kwenye sidii. Iambie programu ifute majina yote na iandike namba tu. Ianze na 01, si 1, la sivyo redio itaweka 10 kabla ya 2. Kisha tengeneza MP3 upya. Futa za zamani zote kwenye flashi kabla hujaweka mpya.

Nasra

*

Naliendele
14 Septemba 2024

Mpwa wangu Nasra,

Asalaam aleykum. Kwako kuwe na afya. Kwetu leo naweza kuandika neno hilo bila kuona haya.

Namba zimekaa. Nilimwekea ugali wa muhogo na kisamvu, nikatoka. Raheli kisimani ananihesabia kwa vidole, ngoma ikinyamaza anakunja kimoja. Tulipofika cha tano tulishika roho. Hakukuwa na kelele. Nilipoingia, sahani inang'aa. Pacha wa kwanza ndiye wa kweli. Nimewaambia watu wote wa hapa kwamba nimeitengeneza sidii ambayo Wajerumani walishindwa, na wengine wameniamini.

Amekula hivyo siku kadhaa. Mashavu yamerudi kidogo.

Lakini sasa kuna jambo, na hili sijui kama lina programu. Ameanza kula nusu. Nusu nyingine anaifunika kwa kawa, anaiweka pembeni kwenye ule mkeka, mahali pasipo na mtu. "Ya mwali," anasema. Juzi nilimwambia, dada, kula yote, hakuna mwali humu. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akaniita jina langu sawasawa.

"Ramadhani," akasema, "nyimbo mmeniletea, mwali mmemficha wapi?"

Nilitoka nikakaa kisimani ingawa redio ilikuwa imezimwa.

Jana amefunika robo tatu. Leo amefunika yote, akala tonge moja, akasema haifai kungwi kushiba kabla ya mwali.

Nimechoka. Nimejaribu kuliandika neno hilo kwa namna nyingine, la kishujaa kidogo, halikutoka. Simwambii mtu mwingine. Sikuombi kitu, najua serikali ina makabati yake. Nakueleza tu hali ilivyo.

Mjomba wako,
Ramadhani

*

Dodoma
20 Septemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Nakusalimu wewe, namsalimu Raheli, namsalimu mama kuliko wote.

Barua yako niliisoma nimesimama pale stendi. Nimekwenda kwa mkuu wangu, nikamwambia naondoka. Akauliza, "Kuna msiba?" Nikasema bado. Akauliza kama kuna mgonjwa, nikasema mimi ndiye ninayetakiwa. Hakuelewa, ila amesaini. Ni likizo bila malipo, na nafasi yangu hawaiahidi.

Nitakuwa kwenye basi linalofuata hili linaloleta barua. Miezi yote hii nimekutumia programu, Mjomba, kwa sababu programu inaingia kwenye bahasha na mimi siingii. Sijui kama mama atanitambua. Sijui mwali wa umri wangu anakaaje mkekani, magoti yananiuma. Raheli amuulize mama nivae kanga gani nikifika, maana sitaki kukosea.

Atakapokifunika chakula leo, usimbishie. Mwambie mwali yuko njiani, anatoka mbali, na amesema kungwi ale kwanza.

Mwali wenu,
Nasra