Sefu Yangu Tupu na Bunduki ya Baba

Jumapili, 2 Februari 2025

Kosa la watu wengi ni kudhani sefu ya bunduki ni kwa ajili ya mwizi. Mwizi huja mara moja katika maisha, pengine asije kabisa. Wajukuu huja kila likizo! Sefu ni kwa ajili ya watu wa nyumbani: watoto, mlevi wa familia, na wewe mwenyewe siku ya hasira. Nimefundisha miaka thelathini na minne na jambo hili naweza kulieleza vizuri. Leo hakuna aliyeniuliza.

Ukoo ulikaa baada ya ibada, hapa hapa Kinampanda. Ajenda moja: nani aombe kibali cha bunduki ya marehemu baba, ile ya mitutu miwili, iliyoko kituo cha polisi tangu tulipomzika. Mimi ndiye mkubwa. Mwaka mzima nimejiandaa. Sefu nimeshanunua, iko chumbani.

Wakamchagua mdogo wangu Alute. Sababu – macho yangu. Shangazi Luciana alisema fisi akiingia zizini, Gerald atampiga mbuzi na fisi ataondoka salama. Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Jumatano, 5 Februari

Mke wangu Kristina ameweka vitenge vyake ndani ya sefu. Nimemuuliza kwa nini.

“Baba Derick, chuma chote hiki kikae bure?”

Nimechukua daftari.

Naandika hapa jinsi nilivyoichagua sefu, angalau karatasi ijue. Kwanza urefu: ipite bunduki kwa shubiri moja, isiingizwe kwa kulazimishwa. Ndani kuna kisanduku cha risasi chenye ufunguo wake, maana bunduki na risasi hazilali pamoja. Nimeifunga kwa boliti nne kwenye ukuta wa tofali za kuchoma. Ukifungia kwenye tofali mbichi, mtu ataondoka na sefu pamoja na kipande cha ukuta. Chini nimeweka mbao mbili, kwa sababu sakafu ya saruji hutoa unyevu. Miezi mitatu ya kufikiri!

Vitenge sasa viko salama kuliko benki.

Ijumaa, 4 Aprili

Sefu ya Alute imefika kwa lori kutoka Dar. Nyeusi, inanipita urefu, inafunguliwa kwa kubonyeza namba na inalia tii-tii-tii. Watu walikwenda kuitazama kama mtoto mchanga. Nilikwenda na mimi – kumpongeza.

“Shikamoo kaka, karibu! Hii hata wewe Mwalimu hukuwahi kuifundisha.”

“Marahaba.” Nikaipapasa. Ni nzuri kuliko yangu. Naandika mara moja tu, sirudii.

Halafu akaleta chupa. Mafuta ya alizeti, ya mashine yake mwenyewe! Akapaka bawaba, akapaka vile vyuma vinavyotoka mlangoni kuingia kwenye fremu. Akapaka kwa wingi, kama anakaanga. “Mafuta ya Alute yanapika, yanalainisha, yanaponya mpaka mgongo!” Watu wakapiga makofi.

Mafuta ya kula hayafai kwenye chuma. Yakikaa yanakauka, yanakuwa kama gundi, na vumbi letu la kiangazi linanata humo. Ni mafuta ya bunduki, au hata ya cherehani: tone moja, kisha unafuta. Sentensi moja ingetosha. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wangeielewa.

Nilikunywa chai, nikala muhogo, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 15 Aprili

Afande amekuja kukagua kwa Alute. Nilikaa nje tangu saa mbili asubuhi nikitazama njia. Nilitaka mlango ugome mbele yake. Haukugoma – bado mapema.

Marietha, mke wa Alute, amepita jioni kunipa habari. “Shemeji, afande amesema hajaona sefu kama hii wilaya nzima!” Nikasema tumshukuru Mungu. Kristina alinitazama, akaendelea kuchambua mboga.

Jumamosi, 10 Mei

Bunduki ya baba imerudi nyumbani. Nyumba si yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Likizo. Winfrida, mjukuu wa Alute, miaka saba, ameletwa kwangu na hamu ya kusimulia. Alisalimia vizuri, akakaa, akaanza. Babu Alute ameipiga sefu teke! Mlango ulijifunga Jumatatu, namba zikalia lakini vyuma havikurudi ndani. Fundi alihangaika mpaka adhuhuri.

Nilifurahi. Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikamkatia mtoto sega zima la asali. Wilaya nzima!

“Na sasa babu yako anaifungaje?”

“Haifungi. Ameweka kipande cha boksi mlangoni ili usijifunge kabisa. Anasema ukijifunga tena, fisi hatasubiri fundi.”

“Na risasi?”

“Zimo humo humo, babu. Kwenye soksi.”

Akalamba vidole, akaondoka akirukaruka. Ile furaha haikufika naye hata kwenye mti wa mpapai.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipaswa kwenda kwa Alute leo. Nimengoja aje yeye. Angekuja tu aseme, kaka, nisaidie, wewe unajua mambo haya – ningekwenda mbio na kitambaa na mafuta ya taa, tungeyeyusha ile gundi yote kwa saa moja. Hakuja. Nilimwona kwa mbali akipakia magaloni ya alizeti, anapiga mluzi.

Badala yake nimeandika barua kwa kituo cha polisi. Kwamba silaha haihifadhiwi ipasavyo. Kwamba mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu, ninayo sefu inayofaa, iko tayari. Kila neno kweli. Mwandiko mzuri pia. Nimeisoma mara nne na kila mara sentensi ya mwisho ndiyo iliyonipendeza.

Jumamosi, 14 Juni

Kristina ameikuta barua chini ya Biblia. Ameisoma amesimama.

“Ulijua tangu lini kwamba yale mafuta yataharibu?”

“Aprili.”

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliikunja, akairudisha mahali pake, akasema Alute na Marietha wameondoka na basi la alfajiri kwenda Itigi kununua asali, hawarudi mpaka kesho kutwa. Wajukuu wao watano wamebaki peke yao mle nyumbani. Mkubwa ana miaka kumi na miwili.

Nimempigia Alute. Hapatikani. Nimempigia Marietha. Hapatikani.

Nikienda, Alute atauliza kaka alikuja kufanya nini nyumbani kwangu nisipokuwepo. Na Winfrida atasema: Babu Gerald aliniuliza maswali juzi. Juzi! Alute si mjinga, atahesabu siku, atarudi nyuma mpaka ile chupa na ile chai yangu. Na ukoo utajua. Shangazi Luciana atapata la kusema mpaka afe.

Naandika haya huku Kristina amesimama mlangoni na viatu vyangu mkononi. Kutoka hapa mpaka kwa Alute ni dakika kumi, kwa miguu yangu kumi na tano. Tangu alipoisoma ile barua zimepita ishirini, na bado natafuta jinsi ya kwenda bila kuonekana nilijua.

Hakuna jinsi hiyo.

Vyuma vitasafishwa baadaye. Kuungama baadaye. Leo, sasa hivi, kabla ya kugusa sefu ya mtu yeyote: naenda kuwatoa watoto nyumbani kwa Alute, niwalete hapa.