Spika Nne za Mvumi

Jumatatu, 14 Julai

Nimeanika mlenda uani. Upepo wa hapa kwetu Makole umeniletea vumbi mpaka kwenye chai. Binti yangu Neema ameitoa amplifaya ya baba yake chini ya kitanda, anaisugua kwa brashi ya viatu. Jumamosi tunasimika msalaba wa marehemu mume wangu Yoramu kwao Mvumi. Mwaka umepita, naona kama juzi.

Baada ya ibada itapigwa kaseti aliyoturekodi akina mama tukipiga ngoma, mimi bado msichana wa kuolewa juzi. Itapigwa kwa amplifaya yake mwenyewe, si ya kukodi. Hilo nimelisema mimi. Alilisha watoto kwa mashine ile, harusi hii, mkutano ule. Ikiungua siku ya msalaba wake sitajisamehe. Naogopa tangu asubuhi.

Jumanne, 15 Julai

Shemeji Mika, mdogo wa marehemu, kapiga simu. Analeta spika yake imlilie kaka yake. Chai haijapoa, wifi Tabu naye kapiga. "Kama ya Mika italia kwenye msalaba wa kaka yangu, na yangu italia."

Ningesemaje? Spika ya ndugu huirudishi. Ni kama kurudisha kuku aliyeletwa msibani. Zetu mbili, zao mbili. Nne.

Neema kakunja uso. Nyuma ya amplifaya pameandikwa isishuke chini ya omu nne. Kila spika ina omu nane. Ukiunga mbili ubavu kwa ubavu zinakuwa nne, ndio mwisho wake. Ukiunga nne hivyohivyo zinakuwa mbili, mashine inaungua.

Nikauliza, spika zinaongezeka, iweje omu zipungue?

"Mama, omu ni kile kinachobana umeme. Fikiria tangi. Bomba moja linabana maji. Ukilitia tangi mabomba manne, maji yanakimbia tu."

Baba yake alinieleza hayohayo, ila yeye alisema ng'ombe kwenye karai. Mmoja anakunywa taratibu. Wanne wakiinamisha vichwa pamoja, karai linabaki kavu na mchotaji anaanguka kwa uchovu. Sikumwambia Neema.

Alhamisi, 17 Julai

Jana sikuandika. Sikuweza.

Spika za ndugu zilifika jana kwa basi. Neema akasema ajaribu zote nne kidogo, kwa sauti ya chini. Zililia vizuri mno, majirani wakatoka. Nilikuwa naosha vyombo, sikumaliza sahani ya pili. Harufu ya kuungua. Kisha kimya. Niliacha maji yanamwagika.

Fyuzi imekatika. Shemeji Mika kwenye simu anacheka, eti tuviringishe ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi, kwake ndivyo wanavyofanya. Neema kamjibu kwa heshima lakini kamjibu. "Baba mdogo, fyuzi imekufa ili mashine isife."

Kaweka mpya, kaunga spika zetu mbili tu. Ikaamka. Nimemshukuru Mungu nikiwa nimeshika sufuria.

Sasa anataka zile mbili za ndugu zipandishwe juu ya nguzo kama nyingine, lakini waya wake usifike popote. Spika bubu. Wifi Tabu namjua, atakwenda kuweka sikio. Na atakuwa na haki. Watu watagombana juu ya kaburi. Sijapata usingizi.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikuwa nabangua karanga. Ghafla nikaiona harusi moja ya zamani kule Mvumi, Neema yuko mgongoni mwangu. Wakwe walileta spika zao, kila upande na yake. Yoramu alisonya, halafu akacheka. Mimi nikashika ncha za waya, mbili mikononi, moja kwa meno. Meno yaliuma. Alizifunga spika mbili mbili.

Niliogopa kusema. Mimi niliishia darasa la tatu, mtoto ana cheti cha ufundi. Nikasema tu. Nikapanga karanga nne kwenye ungo. Hii na hii zifuatane kama mbuzi njiani: ncha nyekundu ya spika ya kwanza inatoka kwenye mashine, nyeusi yake inashika nyekundu ya spika ya pili. Nyeusi ya pili inarudi nyumbani, kwenye mashine. Hizi nyingine mbili vilevile. Halafu yale makundi mawili ndiyo yakae ubavu kwa ubavu.

Neema akazisogelea karanga. Akahesabu kwa vidole. Zikifuatana, nane na nane ni kumi na sita. Kumi na sita mbili ubavu kwa ubavu ni nane.

"Mama. Ni nane. Mashine itadhani ni spika moja. Na mimi nimesoma hii, imenipotea kwa hofu. Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa nashika waya."

Tukajaribu. Nilipika maharage mpaka yakaiva, nne zote zinalia. Nikaigusa mashine kama paji la mtoto. Haina homa.

Jumamosi, 19 Julai

Msalaba umesimama. Umenyooka.

Wifi Tabu alizunguka spika zote, sikio mbele. "Mbona yangu haipigi kelele kama nyumbani?" Neema kamwambia, shangazi, zinagawana sawa. Akaenda kusikiliza ya Mika. Karudi ametabasamu. "Basi sawa. Mradi yake haiizidi yangu."

Kisha kaseti. Nilingojea ngoma. Kwanza ilikuja sauti yake Yoramu, kutoka nguzo zote nne kwa pamoja. "Moja, mbili. Moja, mbili. We mama, shika huo waya, usiachie."

Nilisahau kabisa kwamba aliyasema hayo. Watu walicheka. Neema alinitazama. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga, mikono nimeikunja kama nimeshika kitu. Ndipo ngoma zikaingia, na yangu niliitambua.

Jumapili, 20 Julai

Tumerudi. Mlenda umekauka vizuri. Neema anakunja nyaya kwa kiwiko na kidole gumba, kama baba yake. Hakuna aliyemfundisha.

Amplifaya nimeifunika kitenge. Iko mezani, chini ya kitanda hairudi.

Zamani nilikuwa namlalamikia Yoramu. Vidole vinaniuma, maliza basi. Leo ningeshika mpaka jua lizame.