Daktari wa Kuba na Shikamoo za Shangazi

Dada Rehema, shikamoo. Joto la Temeke linaivisha chapati bila moto, na Shangazi naye ananikaanga upande wa pili.

Jirani yetu ni daktari kutoka Kuba, mzee mweusi tii kama mjomba wetu. Shangazi akimsalimia asubuhi, yeye anatabasamu tu, anapita. "Ndugu gani huyu, salamu haitikii? Anaringa!" Nimeeleza mpaka koo limekauka: kwao wanasema Kihispania, kama Meksiko, kama Chile, hata hapahapa Afrika, Guinea ya Ikweta. "Mtu mweusi ana nini na lugha ya Wazungu?" Juzi uvumilivu ukaniisha, nikamjibu kwa ukali: mababu zake walichukuliwa utumwani, lugha yao ikaishia huko.

Shangazi kamfuata daktari nje na bakuli la uji, akaanza kumfundisha kuamkia.

Leo mzee wa watu, na mvi zake zote, kaniamkia shikamoo mie! Nilipotaka kumsahihisha, Shangazi kanifinya: "Itikia. Mwenzio ndio kwanza anarudi nyumbani."

Nimeitikia marahaba, dada. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na Baba usimwambie.

Mdogo wako, Zuhura