Bapa Nililolipa Jina la Wekesa

Alhamisi, Kitale. Mvua imetunyeshea tangu asubuhi, na baridi ya mlimani imeingia hadi ndani ya karakana. Sijisikii vizuri, na si homa.

Leo nilipaswa kuvunja bapa.

Kazi yangu ni propela za mashua ambazo mabapa yake, yaani zile panga zinazosukuma maji, hupinda. Bapa la chuma likigonga mwamba hukatika. Hili la plastiki ngumu hulegea, kisha hurudi. Kompyuta hunipigia hesabu ya litakavyopinda, halafu nalizungusha kwenye tangi la kioo lenye maji huku kamera ikifuata vitone vyeupe nilivyolipaka. Mwisho ni kulizungusha hadi livunjike. Bila hivyo hatujui kikomo chake, na siwezi kumpa mvuvi kitu nisichojua kikomo chake.

Mabapa mengine yana namba. Hili nililiandika Wekesa, jina la ndugu yangu mvuvi aliyekufa maji. Propela ya mashua yake na wenzake ilikatika ziwani, upande wa Busia, mawimbi yakawafunika. Nilidhani ninamuenzi.

Jumapili nilishuka Misikhu kwa mama, nikamwonyesha video kwenye simu. Akaliona jina. Akaweka kikombe chini polepole.

"Nasimiyu, jina ya mtu amekufa tunapatia mtoto. Wewe umepatia plastiki. Na sasa ati unataka kuivunja?"

"Ni kazi tu, mama."

"Amekuja kwangu kwa ndoto, anaitisha jina. Si nilikuwa nangojea mtoto wa dada yako? Ukivunja hiyo kitu kabla azaliwe, jina itavunjika nayo, na huyo mtoto ataitwa nani?"

Nilirudi Kitale nikijicheka. Mimi na digrii zangu, nitishwe na ndoto?

Leo nikawasha mota. Bapa likapinda sawasawa na kompyuta ilivyosema. Nikaongeza kasi. Ncha ikainama, ikainuka, ikainama tena, kama mkono wa mtu anayekuita ukiwa mbali. Najua ni mtetemo. Hesabu yake nimeifanya mwenyewe. Ila nilijisikia nikisema "Pole, Wekesa," kwa sauti, na karakana haikuwa na mtu mwingine.

Nikazima mota.

Naogopa. Afadhali niseme hivyo humu daftarini, maana kazini siwezi.

Nimejaribu kulifuta jina kwa spiriti. Wino umetoka, lakini nikiliinua bapa kwenye mwanga jina bado linasomeka. Kutumia bapa jingine haiwezekani: ni hili peke yake lililokubaliana na kompyuta, mengine yalipasuka mapema.

Nimempigia mama kumwambia nitangoja. Dada akijifungua na mtoto akipewa jina, ndipo nitavunja. Mama amenishukuru, akalia kidogo. Nilitegemea moyo utatulia baada ya simu ile.

Haukutulia. Dada bado ana miezi kadhaa kabla ya kujifungua. Na kesho alfajiri, kama kila siku, mashua zitaingia ziwani na propela za chuma zinazokatika, na katika mojawapo kuna Wekesa wa mama mwingine.