Stensili Mbili za Tarishi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kamati ya maktaba imenipa ukurasa wa kumi na nne wa kijitabu cha mji: gazeti la kwanza la Msambweni. Mwisho Jumamosi. Kwa nini mimi? Nafundisha historia, na wengine wote wamekataa. Haya.

Ninayoyajua: liliitwa Tarishi. Kurasa nne, kila Alhamisi, 1976 hadi 1979. Mhariri, Mzee Jaafar. Mpiga taipu, mamangu. Likafa kwa sababu ya Idi. Kisa hiki hapa anakijua kila mtu, hata aliyezaliwa juzi. Tarishi lilitangaza Idi kabla mwezi haujaandama, watu wa Ramisi wakaamka wakala mchana kweupe — kumbe kwengine kote watu wamefunga! Tangu hapo mhariri anaitwa Jaafar Mwezi.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Nimekwenda kwa Mzee Jaafar baada ya kipindi cha mwisho. Miaka themanini na tatu. Kifua kimembana, ulimi bado. Hata shikamoo hakuitikia, akaniuliza nani amenituma kuja kumcheka. Nikasema kamati. Akasema basi ni kamati ya wapumbavu. Lakini kasha la magazeti akanipa.

Nimeyasoma yote. Toleo la kwanza: nusu ukurasa ni mbuzi aliyepotea. La pili: mbuzi ameonekana. La tatu: mwenye mbuzi anakanusha.

Kabla ya ile Idi Mzee Jaafar alikuwa akiadhini katika msikiti wa mtaa. Hakuna aliyemwambia aache. Alifika alfajiri moja akakuta mwengine ameshasimama. Hakuuliza. Tangu siku hiyo anaswali safu ya nyuma.

Ana ombi moja tu. Lile jina la utani nisiliandike. "Nina wajukuu," akasema. Nikamjibu nitaona. Jibu la kikarani, najua.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Chini kabisa ya kasha, bahasha. Ndani yake stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, ya ukurasa wa mbele, imepigwa taipu ila haijaguswa na wino. Nimeiinua dirishani ikasomeka: MWEZI HAUJAANDAMA. KESHO TUNAFUNGA. Tarehe ni ileile ya toleo la Idi.

Kwa hiyo zilikuwa mbili! Nimerudi kwenye matoleo ya miaka ya nyuma, na kweli, la mwisho wa Ramadhani kila mwaka, hata lisipoangukia Alhamisi, limeandikwa "limechapwa baada ya magharibi". Ndivyo Mzee Jaafar alivyofanya kazi: moja ya Idi, moja ya kufunga, zote tayari, kisha anangoja habari ya mwezi ndipo mashine ya kuchapia izungushwe kwa mkono. Mtu mwangalifu namna hiyo hakosei Idi. Kuna aliyezungusha mapema.

Nimempigia simu. "Liache hilo, Swabir." Akakata.

Nikamwonyesha mama. Alikuwa akichambua mchicha. Akaisoma, akanirudishia, akaendelea na mchicha.

Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Baada ya swala mama ameniita ndani, akafunga mlango.

Ni yeye. Alikuwa na mimba yangu. Alitaka kula Idi kwao Lunga Lunga, na gari la mwisho lilikuwa saa kumi na moja jioni. Kalenda ya ukutani ilisema Idi ni Ijumaa. Akaona mwezi utakwenda wapi? Akazungusha stensili ya Idi, akayafunga magazeti, akampa dereva wa lori la miwa la kwenda Ramisi, akaondoka. Jaafar wakati huo yuko ufuoni na wenzake, wanaungoja mwezi. Haukuonekana.

Aliporudi, Jaafar alishawaambia watu kosa ni lake. Akamwambia: mhariri ni mimi, wewe una mimba, nyamaza. "Nikanyamaza," mama akasema. "Kisha nikazoea."

Mama huyu ndiye aliyewafundisha nusu ya wanawake wa mtaa huu kulipa saumu zao! Miaka thelathini na mitano ya madrasa. Nimemkasirikia. Nimemwonea na haya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akaniomba niandike kwamba mashine iliharibika. Nikamwambia, mama, mashine haichagui stensili. Akalia kidogo. Sikumbembeleza.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Saa mbili Lewis wa uchapaji kule Ukunda amepiga. "Mwalimu, kila kitu iko sawa, imebaki page fourteen. Saa sita naanza kuprint, sitangoja mtu." Nikatoka chumbani nikamkuta mama mlangoni, buibui mwilini. "Niitie tuktuk."

Sasa ni saa tano na robo, niko sebuleni kwa Mzee Jaafar, daftari hili gotini. Mama amekataa kiti. Alianza tu kusema, Bwana Jaafar, nimekuja unisamehe, ile stensili — mzee akamkatiza. Ati yeye ndiye aliyemwamuru azungushe. Ati mama amesahau, uzee.

"Mwongo!" Mama huyo, kwa sauti ya darasani. "Mzee mzima! Ulikuwa pwani, hukujua lolote."

Mzee akakohoa mpaka mkaza mwanawe akaja na maji. Akayasukuma. "Zainabu, nimelala na kosa hili miaka arobaini na sita. Walinicheka nalo, nikakosa adhana kwa ajili yake. Leo uje ulichukue, mimi nibaki nimeteseka bure?"

Mama akashika ukuta. Kisha, polepole: "Lakini ni langu."

Wamenigeukia wote wawili. "Andika," anasema mzee, "mhariri alikosea." "Andika Zainabu," anasema mama, "andika na jina la baba yangu." Simu inatetemeka mfukoni, ni Lewis. Nimeandika "Gazeti la kwanza la Msambweni liliitwa Tarishi" na hapo nimekwama. Mama bado amesimama. Mzee anamwambia akae, anamwambia tena, na sasa mama anakaa.