Mtoto Amepewa Jina Lako

Mama,

Najua ulikataza. "Nikifa nimelala, msiniongeleshe," ulisema hivyo hata hospitalini, ukiwa huna nguvu ya kushika kikombe. Msabato kamili! Wafu hawajui lolote mpaka parapanda ilie. Sasa mimi hapa nakuongelesha, tena kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Ekegusii chetu nalia kabla sijafika popote. Utanisamehe.

Mke wa Onchiri amejifungua. Msichana. Kaka yangu hakungoja hata mtoto aogeshwe, akasema huyu ni Kerubo, Mama amerudi. Boma zima likapiga vigelegele. Unajua tulivyo, jina la aliyekufa haliachwi lipotee, na wewe mwenyewe ulipewa la nyanya yako. Nilipiga vigelegele pia, Mama. Halafu nikaenda nyuma ya migomba nikakaa chini.

Kwa sababu umerudi namna gani? Mchungaji anasema umelala. Shangazi Moraa, tangu aolewe kwa Wakatoliki, anasema uko njiani kwenda mbinguni na anakuombea kila Jumapili. Onchiri anasema uko pale kwenye shuka, unanyonya. Kila mtu amekupata isipokuwa mimi. Mimi bado nakutafuta jikoni. Asubuhi nakuwekea chai kwenye chupa, jioni naimwaga.

Basi mtoto simwiti. Wenzangu wanamwita "Mama", wanamtania, "Mama, leo huendi kuchuma chai?" na watu wanacheka. Mimi nasema "huyu mtoto". Mke wa Onchiri ameanza kuona. Aliniuliza kama namchukia binti yake, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji. Ningemwambia nini? Kwamba nikiliita hilo jina na akageuka yeye, basi wewe ndio hutageuka tena?

Juzi mtoto alipata homa. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, mama yake akija nyuma, bado hajapona vizuri tangu ajifungue. Tukakaa kwenye benchi. Muuguzi akafungua mlango, akaita, "Kerubo!"

Haki ya Mungu, Mama, niligeuka kutazama lango. Nilitazama nikingoja uingie na kile kitambaa chako cha kijani kichwani. Muuguzi akaita tena. Mke wa Onchiri akanishika mkono, akaniambia polepole, "Dada, ni huyu."

Nikamshusha. Alikuwa moto, macho yamelegea, hata kulia hawezi. Nikamwambia, "Kerubo. Kerubo, vumilia." Akanitazama. Ni mtoto tu, Mama. Hana macho yako, hana mdomo wako, hana chochote chako. Ni mtoto mgonjwa aliyetaka mtu wa kumshika, na mimi wiki zote hizo nilikuwa namnyima jina kwa kukungoja wewe.

Homa imeshuka. Jana alinyonya vizuri, akalala. Sijui uko wapi. Nimechoka kuuliza, kila anayenijibu ana uhakika, na mimi sina. Ningekuwa na nguvu ningekuja nikuamshe mwenyewe.

Lala basi, kama ulivyotaka. Nakuahidi nitamwita Kerubo, mbele ya watu na hata tukiwa wawili tu, na nitampenda kwa ajili yake mwenyewe. Lakini "Mama" siwezi kumpa, wasinilazimishe. Hilo ni lako, hata kama husikii.

Binti yako.