Jina Uliloniuliza Kwenye Simu

Bergen Avenue,
Jersey City, Marekani.
9 Mei 2020

Mpendwa Mama Mkubwa Perpetua,

Shikamoo. Ningekuwa hapo Ufilipino, nyumbani Iloilo, ningeushika mkono wako niuweke kwenye paji la uso wangu, lakini ndege hazipo, basi pokea kwa karatasi. Magoti yanaendeleaje? Na presha? Tafadhali usiache dawa kwa sababu ya msiba. Mimi nimepona, ila kupanda ngazi bado kunanimaliza.

Majivu ya mwanao Analiza yako hapa kwangu, juu ya kabati, karibu na Bikira Maria wake. Kila asubuhi namsalimia. Siku safari zikifunguliwa nitamleta mwenyewe.

Mama, juzi kwenye simu uliniuliza jina la aliyemuua Analiza, yule mgonjwa mzee aliyekuwa akitapika damu. Ulisema humalizi sala zako za siku tisa kwa sababu ukifika kwake ulimi unageuka laana. Nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Nataka ujue mwanao alivyofanya kazi. Tangu korona iingie, wagonjwa wa kuangaliwa tumbo kwa kamera tuliwaahirisha karibu wote, tukabaki na wale ambao wakisubiri wanakufa. Ule mpira wa kamera ukipita kooni mtu anakohoa, na kikohozi chenyewe kinakujia usoni. Kwa hiyo siku ya yule mzee tuliingia watatu tu: daktari na sisi wauguzi wawili, Analiza na mimi. Yeye ndiye aliyetukagua mlangoni, gauni, glovu mbilimbili, barakoa, miwani, ngao ya uso, na wakati wa kuvua alisimama kama askari. "We Jovelyn! Glovu kwanza! Unakimbilia wapi, kuna harusi?" Hata daktari alirudishwa naye akanawe upya, mtu mzima na mvi zake, akaenda. Tukishamaliza, chumba kilifungwa ili mashine ivute hewa nje kabla ya mtu kuingia kufuta.

Yule mzee alipimwa puani siku ile na tena baada ya siku tatu. Hakuwa na korona. Kidonda chake kilizibwa, damu ikakoma, akarudi kwake. Hakumwambukiza mtu yeyote.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia hata padri.

Siku ileile nilitimiza miaka arobaini. Alfajiri nilipika pansit, tambi ndefu za maisha marefu, kama ulivyotufundisha. Nilipokaanga vitunguu saumu sikusikia harufu. Nikasema ni uchovu. Wagonjwa tulikuwa tukiwauliza mlangoni kama wana homa au kikohozi. Sisi wenyewe hatukujiuliza kitu.

Mchana nikaandaa chumba cha chai, kile kidogo kisicho na dirisha. Tulikuwa Wafilipino watano. Analiza akachota sahani yake, akasema anakwenda kula kwenye gari lake, tusivue barakoa pamoja. Mimi nikamcheka mbele ya wote. Nikamwambia, "Haya Mmarekani, nenda ukale peke yako kama mbwa! Siku yangu ya kuzaliwa ina kinyaa gani?" Unajua maneno hayo yanavyouma kwetu. Akatikisa kichwa, akacheka, akasema, "Sogea basi, mchokozi wewe." Akavua barakoa, akakaa ubavuni kwangu. Alirudia sahani mara mbili.

Baada ya siku nne tuliugua watatu. Wawili tumepona.

Wenzangu wananifariji kwamba ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, Mama, na Analiza alikuwa nayo usoni mpaka nilipomwaibisha akaivua. Alipowekewa mashine ya kupumulia mimi nilikuwa nimelazwa ghorofa ya juu yake, na sikuruhusiwa kushuka. Sikumwomba msamaha. Ndilo linaloninyima usingizi.

Jina la yule mzee kazi yangu hainiruhusu kulitaja, na hata ningeruhusiwa nisingelitaja. Umwombee heri, maana mwanao ndiye aliyesaidia kumwokoa, na ilikuwa kazi yake ya mwisho. Lakini uliomba jina la aliyemuua Analiza, na mzazi hanyimwi jibu. Ni mimi, Jovelyn, mtoto wa mdogo wako.

Nakuomba umweleze mjukuu wako Jericho akikua, asije akamchukia mtu asiyemkosea mama yake. Mama yangu msalimie, lakini barua hii usimwonyeshe, nitamwambia mwenyewe. Mjomba Efren naye mpe salamu. Mungu akulaze salama kila usiku na akuamshe mzima. Usiponijibu, sitauliza kwa nini.

Mimi ninayekupenda, na sijui kama bado naruhusiwa kujiita mwanao,

Jovelyn